Uso wa Ben juu ya Marikani

Machi 3
Miguu yangu inatembea. Hilo ndilo nililolificha, na nalitanguliza leo kabla sijapata nafasi ya kuliremba.

Mwezi wa kumi nilianguka kisimani hapa Paya, upande wa Uganda. Nyonga ikavimba, na kwa miezi miwili kweli sikuweza kusimama. Krismasi ilipofika niliweza. Sikumwambia mtu. Loy, mjane wa mwanangu Ben, bado ananibeba mgongoni hadi chooni, ananiogesha, ananigeuza kitandani ili ngozi isichubuke. Akitoka, mimi naamka na kutembea nyumba nzima nikishika ukuta, kisha narudi kulala kabla hajafika.

Sababu ni maneno ya ndugu yangu Odwori, aliyoyasema mbele ya ukoo mwaka jana. "Loy bado kijana. Akitaka kwenda, aende, hakuna wa kumfunga. Lakini mzee hawezi kuachwa sakafuni kama gunia. Siku mzee akisimama, huyu mama yuko huru." Loy alikubali kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo sisimami.

Daktari anasema ini limekwisha. Hakuniahidi kula maharagwe ya msimu huu. Nilifundisha sanaa miaka mingi katika chuo cha walimu upande wa Kenya, na Kiswahili ndicho nilichozoea kuandikia. Kusema ukweli sina mazoezi nako.

Machi 5
Mvua ya kwanza. Uji ulikuwa na madonge. Nilimwambia hata ng'ombe angeulalamikia.

Machi 8
Leo nimeambiwa jambo lililokuwa likifichwa kwangu. Kuna mwanamke anaitwa Patience, ana karakana Busia, upande wa Kenya, anauza mifarishi ya mapambo kwa mahoteli. Amemwambia Loy amletee mfarishi mmoja uliokamilika, kazi ya mkono wake peke yake, kabla Mei haijaisha. Ukimpendeza, Loy atapewa meza ya kazi na chumba nyuma ya karakana.

"Na mimi?" nikauliza.

"Baba, bado sijaenda popote," akasema, huku akinipangusa shingo. "Wewe kwanza upone."

Mfarishi wenyewe si wa kujifunika. Ni wa kutundika ukutani. Juu ni marikani iliyochorwa kwa rangi, katikati blanketi kuukuu, chini kitenge, na tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa sindano. Mwisho kabisa, juu ya rangi, zinatiwa shanga na puluki, zile sahani ndogo za kung'aa za gauni za harusi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi, Ben alipomleta hapa akiwa bi harusi asiyejua hata kuchora kikombe.

Machi 10
Loy amekwenda kanisani. Nilisimama, nikaingia chumba chake.

Amechora foleni ya malori mpakani, wanawake wenye vikapu vya nyanya wakipita katikati ya magurudumu, na katikati ya yote uso wa Ben ukicheka kwenye dirisha la lori alilokuwa akiendesha. Pembeni ameunganisha vipande vya mashati yake. Nilisimama pale nikitafuta kosa. Nilipata moja. Kola imekaa vibaya.

Machi 14
Leo Loy aliniuliza habari ya pasi. Nayaandika maneno yote kwa sababu yote yameanzia hapa.

Alikuwa amekaa mlangoni kwangu na Aanyu, msichana wa Kiteso anayeshona naye tangu mwaka juzi. Aanyu ana mdomo. Alishika kopo la rangi akaligeuzageuza.

"Dada, hapa wameandika pasi. Ukimaliza kuchora, unapiga pasi ya moto kwa nyuma, ndiyo rangi inashika. Hii kitambaa bila pasi itatoka kama chai."

"Hebu tumuulize mwalimu," Loy akasema. "Baba, ni kweli?"

Ni kweli. Nimewafundisha walimu wasio na idadi jambo hilohilo: rangi, kisha pasi, kisha shanga. Mpangilio haubadiliki, kwa sababu puluki ni plastiki. Zikishashonwa, pasi haiwezi tena kupita. Zitayeyuka kama mafuta. Asiyepiga pasi kabla ya puluki hana njia ya kurudi nyuma.

Nikasema, "Maandishi ya kopo ni ya pamba ya Ulaya. Marikani yetu ina wanga. Ukiipiga pasi, wanga unaungua na rangi inakufa. Ipe jua siku tatu, inatosha."

"Jua gani, mzee?" Aanyu akacheka. "Na hii mvua? Tutalitoa Nairobi?"

"Wewe umesomea sanaa wapi?"

"Sikusomea. Nasoma kopo."

Loy alimkanya kwa macho. Lakini baadaye nilimsikia akisema polepole, "Tujaribu kipande kimoja tu. Mwalimu asijue."

Machi 16
Mvua. Paa linavuja juu ya sanduku la vitabu vyangu. Loy alivihamisha kimoja kimoja. Nikamwambia ameviharibu.

Machi 23
Nimefanya jambo leo.

Walikuwa na pasi ya makaa tangu asubuhi. Nilisikia harufu ya mkaa, nikasikia wakinong'onezana kama watoto walioiba sukari. Walipiga pasi kona moja, penye malori. Aanyu akasema, "Ona! Imeshika! Lete maji. Lete leso. Umeona? Hata tone halitoki." Loy alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipomzika Ben.

Kisha mvua ikashuka ghafla. Maharagwe ya mbegu yalikuwa yameanikwa uwanjani. Loy alitoka mbio na turubai. Aanyu alibaki kidogo, akaiweka pasi juu ya kigae karibu na meza, naye akatoka. Niliyaona yote kwa ufa wa mlango. Alikuwa wa mwisho kutoka, na pasi aliiweka mahali pazuri.

Nilisimama. Ni hatua chache tu. Pasi ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, nikaishika kwa mikono miwili. Niliilaza juu ya uso wa Ben, nikaiacha hapo, kama mtu aliyesahau. Rangi ililia kidogo. Nilirudi kitandani na kujifunika kabla moshi haujanifikia.

Loy alipiga kelele. Nikasikia pasi ikianguka sakafuni, makaa yakitawanyika.

"Aanyu! Umefanya nini?"

"Mimi? Mimi nimeiweka kwa kigae, dada! Haki ya Mungu, kwa kigae!"

"Nani mwingine alikuwa humu? Nani? Baba alitembea?"

Mimi nikaita kutoka kitandani, kwa sauti ya kinyonge, "Kuna nini huko? Nini kinaungua?"

Loy akaja mlangoni ameshika marikani. Mahali pa uso palikuwa na alama ya pasi, kahawia, yenye ncha, na katikati tundu ambamo mkono wangu ungepita. Aanyu alikuwa nyuma yake, amelowa, maharagwe yamemnata mikononi.

"Nilikwambia," nikasema. "Marikani haitaki pasi. Na huyu hata kuiweka chini hajui. Au anajua sana. Amekaa hapa miaka miwili akishona pindo, wewe unakwenda Busia kupewa chumba. Unafikiri anafurahi?"

Sikuwa nimepanga kusema hayo ya mwisho. Yalikuja yenyewe, na nilipoyaona yakiingia usoni mwa Loy niliongeza.

"Muulize kwa nini alichagua uso."

Aanyu alinitazama. Sasa nafikiri alinitazama miguu, lakini huenda ni woga wangu. Loy alimwambia aondoke. Alipokawia, Loy alimtupia kikapu chake uwanjani, nyuzi zote zikamwagika matopeni, na yule msichana akainama kwenye mvua akiziokota, nyekundu, njano, buluu, akizifuta kwa gauni lake. Loy alisimama mlangoni akamwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii mwanamke mwenziwe, ya kizazi. Aanyu amepoteza mimba mbili. Mimi ndiye niliyewahi kumwambia Loy habari hiyo.

Chakula cha jioni kilikuwa kizuri. Boo, majani ya kunde, na simsim.

Machi 24
Loy amewaeleza akina mama kanisani. Florence, mpwa wangu, alipita kunisalimu akanipa habari. "Sasa wanamwita Pasi. Akipita wanauliza, 'Pasi, leo unaunguza nini?' Hata watoto." Akacheka. Nami nikacheka.

Machi 31
Pasaka. Loy anachora uso upya kwenye kipande kingine cha marikani. Pasi hataki hata kuiona.

Aprili 4
Uso umekwisha, jua umepata, na umeshonewa penye tundu. Ameanza puluki.

Aprili 6
Puluki.

Aprili 9
Mvua ya mawe, mahindi yamelala. Loy alifanya kazi mchana kutwa karibu na dirisha. Nilisikia sindano ikitoboa kitambaa, tik, tik, na kila tik ilikuwa kijidirisha kinafungwa. Ningeweza kusema neno moja na akasimama. Puluki chache zingefumuliwa, pasi ingepita. Niliomba chai.

Aprili 14
Kola safari hii imekaa vizuri.

Aprili 19
Alileta mfarishi kitandani kwangu nione. Aliutandaza juu ya miguu yangu, taratibu, asiniumize.

"Sema ukweli, Baba. Nisikie kutoka kwako kabla sijasikia kwa Patience."

Taa za malori amezitia puluki za dhahabu. Nyanya za vikapu ni shanga. Nywele za Ben amezidarizi kwa uzi mweusi, fundo moja moja, maelfu.

"Anga limekuwa rangi ya maji ya choo," nikasema. "Na wanawake wako wote wana mgongo mmoja. Lakini kwa mahoteli mfarishi utafaa."

Alikunja mfarishi. "Asante," akasema. Alisema kwa moyo. Kwake maneno makali ni alama ya kuchukuliwa kama mwanafunzi, maana ndivyo nilivyomzoesha.

Aprili 28
Nilitapika. Damu kidogo. Loy aliosha shuka kwa maji baridi na chumvi, hakukunja pua.

Mei 5
Baada ya ibada Aanyu alikuja hadi kwenye ua. Loy hakutoka. Aanyu alisimama pale nje akasema kwa sauti, "Dada, mimi sikuja kuomba kazi. Nimekuja kusema tu. Nimeiweka kwa kigae." Kisha akaenda.

Loy aliniuliza, "Baba, ungekuwa wewe ungemwamini?"

"Mwongo akirudia ndipo anapojiamini," nikasema.

Mei 10
Amekwenda Busia na mfarishi ndani ya mfuko wa plastiki, amevaa gomesi yake ya harusi, lile gauni refu la mshipi. Florence analala hapa. Florence ana mikono ya kuchinja kuku. Nimejua leo Loy ananishika vipi.

Mei 11
Amerudi. Yafuatayo ni kama alivyoyasimulia, ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wangu, gomesi imejaa matope.

Patience aliutundika mfarishi, akaita wasichana wote wa karakana. Wakausogelea. Kisha Patience akasema, "Huyu jamaa anacheka mpaka nasikia. Nani alikufundisha?" Loy akasema, baba mkwe wangu. Patience akasema, "Basi mwambie namsalimia. Lakini mimi kila kitu naosha kwanza. Hoteli wakiosha kitoke rangi, ni jina langu linaharibika." Akaleta beseni la maji ya sabuni.

"Niliutia mwenyewe," Loy akasema. "Kwa mkono wangu. Nilikuwa nacheka bado."

Malori yalitoka kwanza, kisha anga, kisha Ben. Kona moja ndogo tu ilibaki, ile ya Machi. Puluki na nywele zilikaa pale pale juu ya kitambaa cheupe: taa bila malori, nywele bila kichwa.

"Patience akasema, 'Wee, dadangu, hukupiga pasi? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua pasi! Huyo mwalimu wako alikuwa amelewa ama?' Wasichana wakacheka. Mmoja akasema, 'Ameleta chai ya rangi.' Nikacheka nao, Baba. Sikujua nifanye nini na uso wangu."

Nilikuwa nikisubiri anigeukie.

Akasema, "Usijilaumu. Umezeeka. Mtu anasahau. Mimi ndiye nilipaswa kusoma kopo." Akaniinua, akanibeba chooni.

Mei 13
Patience amempa nafasi nyingine kwa sababu ya mshono. Mfarishi mdogo, wa ukubwa wa meza, katikati ya Juni. Loy ameanza leo. Uso wa Ben tu, hakuna malori.

Mei 16
Alikwenda kwa Aanyu kumwambia alisema kweli kuhusu pasi. Hakumsamehe kuhusu tundu. "Kusoma kopo ni kusoma kopo, kuunguza ni kuunguza," aliniambia. Kwa hiyo huko njiani Aanyu bado ni Pasi.

Mei 20
Mvua imepungua. Siwezi kula.

Mei 23
Ameniona.

Alikuwa amekwenda kwenye kinu cha kusaga. Nilisimama, nikaingia. Uso mpya ulikuwa umepigiliwa kwenye fremu, rangi bado mbichi. Ni ule ule na si ule ule. Wa kwanza alikuwa Ben akicheka na wenzake. Huyu ni Ben akimcheka mtu mmoja, aliyemjua vizuri, na ambaye amemsamehe. Niliweka kidole gumba kwenye mdomo nikakivuta kuelekea shavuni.

"Baba."

Kinu kilikuwa kimeharibika. Alikuwa mlangoni, ndoo ya mahindi kichwani, haijapungua hata punje. Aliitazama miguu yangu. Kisha kidole. Aliishusha ndoo chini polepole kama mtu anayeweka mtoto.

"Pasi," akasema.

"Ndiyo."

"Aanyu aliiweka kwa kigae."

"Ndiyo."

"Na jua siku tatu."

"Ndiyo, Loy."

"Tangu lini unatembea?"

"Krismasi."

Alihesabu kimya. Niliona midomo ikisogea. Nadhani alikuwa akihesabu safari za chooni. Akauliza, "Kwa nini?"

Nikasema, "Niliogopa utaniacha."

Alicheka mara moja, kama kikohozi. Akachukua fremu, akaipeleka nje. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, sijui nikae wapi.

"Basi jipeleke chooni," akasema kutoka uwanjani.

Mei 25
Loy haingii tena kwangu. Chakula anakiacha kizingitini. Naifuata sahani kwa magoti, kwa kuwa sasa ninaweza kusimama lakini sina nguvu, na hilo hakuna atakayeliamini.

Mei 27
Walikuja wote: Odwori, Florence, Loy, na Aanyu nyuma yao. Odwori alikataa kiti.

"Ulituacha tumfunge mtoto wa watu kwa miguu yako," akasema. "Mimi ndugu yako nimesema mbele ya ukoo maneno ya uongo kwa ajili yako. Ukifa nitakuzika, kwa sababu ni lazima."

Aanyu alisogea hadi kitandani. Nilidhani atanitemea mate. Alisema tu, "Mzee, kanisani utasema? Kwa mdomo wako?"

"Sifiki kanisani."

"Mchungaji atakuja hapa. Na akina mama wote. Nitawaleta mimi." Kisha akamgeukia Loy. "Na wewe, dada. Yale maneno uliniambia, siyo huyu mzee alisema. Ni mdomo yako."

Loy alipiga magoti chini mbele yake, hapo hapo kwenye sakafu yangu. Aanyu alimwacha apige magoti muda mrefu. Hakumwinua. Aliondoka, lakini akasema atakuja kesho kushika upande wa pili wa fremu.

Mei 29
Walikuja, chumba kikajaa gomesi. Nilisema. Mama mmoja mzee alisema "Banange," yaani jamani, akatoka. Aanyu alisimama ukutani mikono amekunja, akanifanya nirudie sehemu ya kigae.

Juni 9
Kuchora kumekwisha. Nasikia pasi ikipita, nyuma, polepole, kabla ya shanga.

Juni 14
Patience ameupokea.

Juni 16
Loy ameondoka leo. Florence atakuwa hapa, na yeye Loy atakuja kila Jumapili. Sikumwomba.

Kabla ya kwenda aliniogesha. Alinikata kucha, akanipaka mafuta miguuni, hii miguu. Nje Aanyu alikuwa akimwita, "Dada, bodaboda anangoja, huyu ananung'unika!"

"Nimelifikiria sana lile neno ulilosema," Loy akaniambia. "Kwamba uliogopa. Nilikuwa na hasira, lakini nimelielewa. Mtu akiwa peke yake, anakufa, anashika alicho karibu nacho. Hata mimi ningeshika. Labda nisingeunguza, lakini ningeshika." Akaweka mkono kifuani pangu. "Kwa hiyo nimekusamehe, Baba. Ulikuwa unaogopa mimi niende. Ben angekusamehe pia."

Nilifumba macho. Alidhani nalia, akanifuta mahali pasipo na machozi. Nikamwacha aende na msamaha huo. Nilisikia pikipiki ikipanda kilima, ikibadilisha gia, kisha sikusikia.

Juni 18
Sidhani nitaandika tena. Mkono hauchori mstari.

Niliilaza pasi juu ya uso ule bila kumfikiria Loy hata kidogo, wala chumba cha Busia, wala nani atanibeba. Sababu hizo nilizitafuta baadaye, kitandani, nikazipata tayari. Nilichora maisha yangu yote, nikamchora Ben akiwa mtoto, akiwa kijana, akiwa maiti, na hata mara moja hakutokea akiwa hai. Yule mwanamke niliyemfundisha kushika brashi alimtoa akicheka kwenye kipande cha marikani, nami sikuvumilia kitu hicho kiwepo.